Kina cha Kaka, Kikuku cha Mama

Mtu anayetafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani enzi za vita utamjua tu. Akiingia nyumbani kwa watu anaangalia sakafu kwanza, salamu baadaye. Nimewaona wengi, maana dukani kwangu Mtaa wa Msimbazi, ninapouza vitenge na mashuka, wenye ugonjwa huo huja kusimama kivulini na kusimuliana. Kila mmoja ana mjomba wa rafiki yake aliyekaribia kufukua sanduku huko kusini, likadidimia lenyewe kwa sababu mmoja wao alitamka neno asilotakiwa kulitamka. Aliyelipata sijawahi kuonana naye. Wote wamekaribia. Nchi hii imejaa watu waliokaribia, na wengi wao nawadai kivuli changu.

Sikujua kwamba ugonjwa huo umeingia kwetu mpaka kaka yangu alipokuja na mashine ya kutafutia madini.

Nyumba yetu ya Kariakoo, ile ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ilikuwa inavunjwa. Mama, kaka na mimi tulikubaliana na mwekezaji ajenge ghorofa, na sisi tupate fremu mbili za maduka za chini na makazi huko juu, ambayo mpaka leo nayaona kwenye picha tu. Wapangaji walikuwa wamekwisha kuhama. Mafundi walikuwa wameng'oa mabati na kuyapakia kwenye mkokoteni, misumari wakatuachia sisi. Jumatatu lingekuja dude la kuchimba msingi, na mwekezaji alitutaarifu, kwa upole wa mtu asiyeomba ruhusa, kwamba udongo wote wa uani utabebwa na malori ukajaze mabonde ya watu huko nje ya mji.

Mama aliposikia habari ya malori akaacha kula. Nilidhani ni homa. Siku ya tatu, akiwa ameketi jikoni kwangu anachambua mchele, akanieleza bila kunitazama. Kabla ya kaka yangu alijifungua mtoto mwingine wa kiume, mimba haijatimia, na mtoto hakulia. Enzi zao mtoto wa namna hiyo hakupelekwa makaburini wala hakupewa jina. Bibi yangu, mzaa mama, alimviringisha kwenye kitambaa cheupe akamzika uani, upande wa bafu, wanaume wakiwa barazani wanakunywa kahawa na kuambiwa kwamba mgonjwa amepumzika. Kabla ya kufukia alimvua mama kikuku cha mguu mmoja, kati ya vile viwili vya fedha alivyoolewa navyo, akakilaza juu ya kitambaa. Alisema mtoto asiye na jina angalau awe na kitu cha kwao. Kikuku cha pili mama anacho hadi leo, kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Sitaki abebwe na lori," mama alisema. "Nishamuuliza shehe, kasema hapana ubaya. Nataka nimpeleke kwa baba yake."

Baba amelala makaburini miaka mingi. Nikamuuliza mama kama kaka anajua. Akatikisa kichwa. Mambo ya uzazi kwao hayakuwa ya kuwaeleza wanaume, na ameishi na hilo mpaka uzeeni, hakuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya dude la kuchimba msingi.

"Mwambie natafuta kikuku changu nilichokifukia uani. Inamtosha hiyo."

Ingemtosha mtu mwingine. Kaka yangu alisikia kikuku, akasikia kufukia, na vitu hivyo viwili vilipokutana kichwani mwake vikawa sanduku. Jioni hiyo hiyo alikuja kwangu na macho yanang'aa. Alifanya kazi bandarini miaka mingi. Tangu astaafu kazi yake ni kuitisha vikao. Alinifafanulia kwamba bibi hakuwa mjinga wa kuzika kikuku kimoja. Bibi alikuwa akichimba akakuta kitu, na kikuku akakiweka kuwa alama. Kwani sijui kwamba Kariakoo yote ilikuwa kambi ya wapagazi wa vita? Nikamwambia najua, na kwamba wapagazi wale walikufa kwa njaa na kuharisha, wengine hata shuka ya kuzikiwa hawakuwa nayo, sasa dhahabu ya kufukia waliitoa wapi? Tena kambi ilikuwa ya Mwingereza. Kaka akatabasamu kwa kunihurumia. Mwingereza, alisema, alimnyang'anya nani?

Mtu wa namna hiyo hajibiwi. Unamtengea chai anywe aende.

Mashine aliikodi kwa jamaa mmoja wa Buguruni, mtu mzima kabisa, aliyejiita mtaalamu na aliyefika Kariakoo kwenye jua kali akiwa amevaa buti za mvua. Alimsalimu mama kwa adabu, hilo sitamnyima. Kisha akafungua begi, akatoa fimbo yenye kioo kidogo cha namba kwenye mpini, na sahani mbili za kufunga mwishoni mwa fimbo, moja pana kama ungo, nyingine ndogo kama kisosi. Ile ndogo hakuigusa. Akafunga ungo.

"Bosi, hii ndiyo inayoenda chini," alimwambia kaka. "Ile ndogo ya kutafutia hereni ufukweni."

Kisha akabonyeza vitufe. Nilisogea nikaangalia, na utaalamu wake wote niliuona hapo. Kila alichokuta anakipandisha mpaka mwisho. Usikivu wa mashine, mwisho. Nguvu, mwisho. Kama mashine ingekuwa na kitufe cha chumvi naye angekimaliza.

"Tunaweka fulu," alisema. "Ikiwa fulu inapiga mpaka mita tano."

"Mjerumani hafukii juu juu," kaka akaongeza, kama vile walisoma naye.

Mashine ilianza kulia ikiwa bado mlangoni mwa ukumbi na haikunyamaza tena. Ilililia misumari ya paa. Ilililia vizibo vya soda vya harusi zote zilizowahi kufanyika pale. Kuna mpangaji wetu mmoja alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa uani kwa miaka, na vipande vya bati alivyokata vilibaki vimekanyagwa ardhini kila mahali, navyo mashine ikavililia. Hata ilipoinuliwa hewani ililia, kwa sababu ya nyaya za umeme zilizojazana juu ya uchochoro na bango la taa la duka la nyuma. Mimi nilisikia kelele. Wao walisikia utajiri. Mtaalamu alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao, akisema hajaona kiwanja chenye mali kama kile tangu aanze kazi.

Katikati ya uani sauti ikawa nzito na ndefu. Kaka akachora mduara kwa kisigino. Aliita vibarua wawili kutoka sokoni, wakaanza kuchimba, na udongo wakawa wanautupa upande wa bafu. Nikamwambia kaka kwamba mama ameonyesha upande huo huo wa bafu, na kwamba wanazidi kumfukia, nikajirudi haraka nikasema wanazidi kukifukia.

"Wewe unajua vitenge," alinijibu. "Mambo ya chini tuachie sisi."

Mama alikuwa ukumbini, juu ya kigoda, anatazama kila koleo la udongo linavyokwenda kulala pale alipopaonyesha. Nilimkasirikia hata yeye. Neno moja tu kutoka kwake lingemaliza upuuzi wote ule, lakini alilishikilia kwa sababu ya kanuni ya wanawake ambao karibu wote walikwisha kufa.

Alasiri yote walichimba. Shimo lilipofika kifuani mwa kibarua udongo ukaanza kuwa mweusi na laini, na mtaalamu akasema hiyo ni dalili. Kweli ilikuwa dalili. Harufu ilipanda, na kibarua mmoja akaruka nje ya shimo akaapa harudi. Chini yake kulikuwa na kitanda cha chuma kilichokunjwa, kimetupwa humo zamani pamoja na masufuria yaliyotoboka. Mama ndiye aliyefafanua, kutoka palepale kwenye kigoda chake, kwa sauti ya kawaida kabisa: hilo lilikuwa shimo la choo la zamani, marehemu baba yenu alilijaza takataka akalifunika walipojenga jipya. Kaka yangu alikuwa ametumia siku nzima kufukua choo. Nilicheka mpaka nikaishikilia nguzo ya mlango.

Alinuna. Mtaalamu hakununa, wao hawanuni kamwe. Alisema mali huwa inajigeuza.

Jumapili asubuhi niliwahi na mama kabla yao. Sikuwa na ujuzi wowote wa mashine zile, na sitaki mtu adhani nilikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni swali moja ambalo siku nzima ya jana hakuna mwanamume aliyeliuliza. Nilimuuliza mama bibi alichimba kwa kitu gani.

"Kwa kijiko cha kupakulia mkaa," alisema. "Na mikono."

"Kina gani?"

Akanyoosha mkono, akagusa juu kidogo ya kiwiko. Bibi hakuwa na muda. Alikuwa na muda wa kahawa ya barazani tu. Na uani wetu ulifagiwa kila siku ya Mungu kwa fagio la chelewa, na ardhi inayofagiwa hupungua, haiongezeki. Kwa hiyo yule mtoto hakuwa mbali. Alikuwa karibu, katikati ya takataka, na mashine tuliyoikodi ilikuwa inampita juu kwa makelele ikitafuta Wajerumani.

Mtaalamu alipofika nilimwambia afunge kisosi. Akamtazama kaka. Kaka alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, akamwambia amwachie huyo achezee, si ndiye anayejua. Mama akafungua kopo la maziwa alilokuja nalo, akatoa kikuku cha pili, akakifunga uzi mrefu wa kushonea, mwisho wa uzi akauzungusha kidoleni mwake. Tukakizika kwenye pembe safi, kina cha kiwiko, kisha nikatupia misumari ya paa kukizunguka kama ilivyokuwa imetapakaa kila mahali. Nikasema sasa tutaijua mashine inasikia nini.

Tulijaribu kwanza njia ya mtaalamu, ungo na fulu yake. Mashine ikalia mfululizo. Kikuku na misumari vikawa kitu kimoja, huwezi kujua kipi ni kipi. Akasema basi tuiambie ikatae chuma chote, akabonyeza, na kukawa kimya.

"Umesikia?" alisema kwa fahari. "Kumetulia."

"Kikuku kiko wapi?"

Akapitisha tena. Kimya. Msumari uliolala jirani ulikuwa umekataliwa, na kikuku kikakataliwa pamoja nao. Mama akavuta uzi kidogo, kama anayehakikisha kwamba bado kipo. Nikafikiria ni watu wangapi huyu bwana amewapitishia kimya chake juu ya vitu vyao, kisha akawaambia hamna kitu, akapanda bodaboda kurudi Buguruni.

Tukaanza upya, na safari hii mimi ndiye niliyesema na yeye ndiye aliyebonyeza. Kisosi badala ya ungo, ili mashine iangalie mahali padogo. Usikivu tukaushusha mpaka nusu, na bado ikawa inatetemeka kwa sababu ya bango la duka la nyuma. Nikaenda kumwomba mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekaa na sisi ukuta kwa ukuta tangu sijazaliwa. Hakuuliza tunatafuta nini. Aliuliza, "Ni kwa ajili ya mama?" nikasema ndiyo, akazima bango lake mwenyewe, na mashine ikatulia. Chuma hatukukikataa tena. Tukakiacha kiungurume, kwa sauti ya chini, ili tusikie kitu kingine kikipenya katikati yake. Mwisho kulikuwa na namba moja iliyojificha nyuma ya nyingine, ambayo mtaalamu hakuwahi kuigusa; nilipomuuliza ya nini, akasema huiambia mashine imalizane haraka na kitu kimoja ili iwe tayari kwa cha pili. Tukaipandisha.

"Sista, hapo umeipofusha," alisema. "Haioni chini tena hiyo. Kiwiko tu, basi."

"Chini sitaki."

Akapitisha. Mngurumo, mngurumo, halafu katikati yake sauti nyembamba, safi, fupi mno. Akarudisha. Ikaja tena palepale. Hata yeye aliinamisha sikio, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mwenye kichwa. Mama akavuta uzi mpaka kikuku kikatoka, akakifuta kwa kanga, akakirudisha kwenye kopo.

Likabaki lile lundo la kaka. Mashine yetu sasa ilisikia mpaka kiwikoni tu, na juu ya mahali pa mama kulikuwa na udongo wa choo unaofika magotini. Vibarua hawakurudi, habari za lile shimo zilikuwa zimeshafika sokoni. Nikachukua koleo nikamkabidhi kaka. Nilitegemea anitukane. Alilitazama koleo, akamtazama mama aliyekuwa tayari anainama kubeba udongo kwa mikono, akavua shati. Alirudisha lundo lote shimoni peke yake, ananuka, akilalamika kila koleo, kwamba amewalisha watu wa nyumba hii, kwamba yeye ndiye mkubwa lakini anafanywa kibarua, kwamba kikuku chenyewe hata gramu ngapi. Nilikuwa nikiangalia jua, na nikifikiria dude la kesho.

Ardhi ya mama ilipoonekana tukaanza karibu na ukuta wa bafu, taratibu, kipande kwa kipande. Sauti safi ya kwanza ilikuwa kizibo cha soda. Ya pili ilikuwa nati ya bomba. Mtaalamu akaanza kuangalia saa yake, na kaka akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha vikao. Mama hakuwa ukumbini tena. Alisogea na kigoda chake nyuma yetu kila tuliposogea. Niliona midomo yake inavyokwenda, nikaogopa. Nilijua tukikosa atasema hewala, ataenda nyumbani, atachambua mchele, na hatakula tena.

Hatua moja kutoka kwenye ukuta mashine ikanguruma mara mbili, na kati ya mingurumo hiyo ikatoa sauti nyembamba. Mtaalamu akasita, akageuka akapitisha kutokea upande mwingine. Ikaja tena.

Nilichimba mwenyewe, kwa mwiko na kisha kwa vidole. Mkono ulipozama karibu na kiwiko nikagusa misumari miwili iliyoshikana kwa kutu, na kando yake kitu cha mviringo. Kikatoka cheusi, kimepinda, kimejaa udongo. Mama alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakukichukua. Aliuangalia udongo uliokuwa chini yake, ambao haukuwa na kitu cha kuonekana. Ulikuwa tu mweusi kuliko mwingine. Akatoa kifuani kitambaa cheupe kipya, akakitandaza, akaanza kuukusanya udongo ule kwa viganja vyote viwili.

"Ndo hicho?" kaka alisema juu ya vichwa vyetu. "Cha fedha? Yaani siku mbili tunahangaika kwa ajili ya hicho?" Alipoona mama anaendelea, akalainisha sauti. "Mama, achana na uchafu huo. Kikuku si hiki hapa, kimeshapatikana."

"Sikuja kuchukua kikuku."

Mtaalamu, kwa mara ya pili siku ile, alionyesha ana kichwa. Alichukua begi lake akatoka kimyakimya mpaka barazani.

"Kabla yako nilizaa," mama alimwambia kaka, huku anakusanya. "Wa kiume. Hakuvuta pumzi. Bibi yako akamweka hapa. Jana ulikuwa unamtupia udongo."

Kaka akanigeukia. Alikuwa ananisubiri nicheke, maana nilikuwa nimemcheka siku mbili mfululizo, na uso wake ulikuwa umeshajiandaa. Nilitafuta dharau yangu, sikuiona ilipo. Nilichoona ni mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, hana shati, ana udongo mpaka kwenye nyusi, asiyejua atazame wapi.

"Kwa hiyo mimi..." alianza.

"Wewe ni wa pili," mama alisema. Akaukunja ukingo mmoja wa kitambaa, kisha wa pili. "Huyu ni mkubwa wako. Mwamkie."

Koleo lilikuwa bado begani kwake. Akalilaza chini bila kelele, akachutama mbele ya kitambaa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," mama akaitikia badala yake.